Siku Nne za Kulea Tausi

Tausi lilipiga magoti. Magurudumu yake manne yalijikunja ndani ya matao yake, sakafu ikashuka mpaka ikabaki shubiri moja tu kutoka ardhini, mlango wa nyuma ukajifungua, na kiti kikachomoza nje kumpokea abiria. Abiria mwenyewe alikuwa gunia la mchele la kilo sabini, ambalo Fundi Koku alikuwa amelivika koti na kofia kwa ajili ya majaribio. Kiti kililibeba gunia kwa adabu zote, kikaliingiza ndani, kisha gari likainuka na kuuliza kwa sauti ya upole, "Mgeni wetu anaitwa nani?"

"Mchele wa Kyela," Koku alijibu.

"Karibu, Mchele wa Kyela. Nitakukumbuka."

Koku alicheka, halafu akaacha kucheka, kwa maana hapo ndipo palipokuwa na fumbo lake. Gari hili lililopokea gunia kwa heshima namna hiyo lilikuwa limemkataa mzee wa watu mara tatu, mchana kweupe, mbele ya majirani zake.

Mbeya ya miaka hiyo ilikuwa imebadilika sana. Umeme ulitoka chini ya mlima Ngozi, ambako mvuke wa ardhini ulizungusha mitambo bila kupumzika, na karibu kila gari la jiji lilijiendesha lenyewe. Lakini magari mengi yalikuwa ya umma, na yote yalitumia akili moja kwa pamoja. Tausi lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa sedani ya kifahari, yenye milango minne na viti vinavyopoa na kupata joto kwa kufuata mwili wa mtu, na kila Tausi lilikuwa na ubongo wake lenyewe, usiofanana na wa jingine.

Zamani, enzi za injini za mafuta, mtu akinunua gari jipya aliambiwa aende nalo taratibu kilomita za mwanzo, vyuma vizoeane. Tausi halikuwa na vyuma vya kuzoeana. Kilichotakiwa kuzoea ni ubongo. Ulitoka kiwandani ukijua sheria za barabara, na ukijua sababu mbili tu za gari kugeuza njia: hatari, au barabara kufungwa. Mengine yote uliyapata kwa mlezi, yaani mtu aliyeshika usukani katika siku arobaini za mwanzo. Kipindi hicho kiliitwa ulezi.

Kitabu cha ulezi kilikuwa kinene, na Koku alikijua chote. Usizidi kilomita themanini kwa saa. Usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Kanyaga breki polepole, kwa kuwa vibao vyake havijakaa sawa, na usiamini tairi mpya kwenye mvua mpaka utelezi wake uishe. Lipitishe kwenye lami, vumbi, ukungu na msongamano. Walezi wawe wawili au zaidi. Na kila gari likiuliza jina la mtu, lijibiwe.

Wateja hawakusoma kitabu hicho. Mtu akishanunua gari la ndoto yake hataki kuambiwa aliendeshe kama amebeba trei la mayai kwa siku arobaini. Hapo ndipo Koku alipopatia riziki. Alizaliwa Muleba, akaja Mbeya kufunga mitambo ya mvuke, akabaki na kufungua karakana Uyole. Alishusha springi, akabadilisha kidhibiti cha mota, na Tausi lililokuwa likifika mwendo wa mia kwa sekunde nne likafika kwa mbili na nusu. Juu ya hayo alikuwa na kitu alichokibuni mwenyewe, kidogo kama kiberiti, kinachobandikwa chini ya ubongo. Alikiita kichapuzi. Kilifanya somo moja lihesabiwe kama kumi, na siku arobaini za ulezi zikawa nne. Alikuwa amewafungia watu kumi na sita na hakuna aliyelalamika, na tuseme ukweli, alijiona amewazidi ujanja hao mainjinia wa kiwandani.

Wa kumi na saba alikuwa Gwamaka, msafirishaji wa parachichi, mtu mpole mwenye mwili mkubwa. Jumatano hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana, kofia mikononi.

"Fundi, mimi silaumu," alisema. "Gari tamu. Likipanda mlima huko unasahau kama kuna mlima. Ila likifika kwa baba, Igembe, linakataa. Likimwona tu linasema, 'Hatari mbele, tunageuza.' Na linageuza kweli."

"Linakataa nyumba au linakataa mtu?"

"Mtu. Siku hayupo nje linaingia mpaka mlangoni."

"Na watu wengine wa hapo?"

"Linawasalimia."

Koku alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa kupenda maswali ya namna hii kuliko chakula, na mpaka hapo lilimfurahisha. Alianza kuuliza kama mzee hutembelea mkongojo wa chuma, au huvaa kitu kinachong'aa.

"Macho yake ni mekundu," Gwamaka alisema, na sauti yake ikashuka. "Presha ya macho. Jumatatu anapasuliwa hapa mjini, akichelewa anapofuka. Sasa hataki kutoka. Fundi, unajua mzee mwenye macho mekundu huku kwetu anasingiziwa uchawi. Miaka yote hakuna aliyethubutu. Sasa wanasema, sisi tunaweza kumwonea, lakini mashine haina ugomvi na mtu. Mashine imemwona alivyo."

"Kesho twende wote," Koku alisema.

Alhamisi walikwenda Igembe, kitongoji kilicho kando ya barabara ya Tukuyu, katikati ya migomba na chai. Njiani Koku alilipima gari kila namna. Alilipitisha karibu na wazee wawili wenye mikongojo, mama aliyebeba mkungu wa ndizi, na mtu aliyevaa miwani nyekundu. Lilipunguza mwendo kwa kila mmoja bila taabu. Walipokaribia boma la baba yake Gwamaka, mzee mrefu alikuwa amesimama kwenye lango la miti. Zilibaki hatua arobaini hivi.

"Hatari mbele," gari lilisema, kwa sauti ya kusikika hata nje, kwa kuwa sheria ilitaka hatari itangazwe. "Tunageuza."

Lilijizungusha palepale na kurudi lilikotoka. Mbele ya duka la jirani walikaa watu sita au saba. Mwenye duka, Mama Sekela, alimvuta mjukuu wake kwa mkono na kumweka nyuma ya kanga yake.

Koku alishuka na kwenda kwa miguu. Mzee Ambilikile, ndiye baba mwenyewe, alikuwa amekwisha kurudi ndani ya lango, na macho yake kweli yalikuwa mekundu na yenye machozi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Usisogee sana, fundi. Gari lako litaanza kukutangaza na wewe."

Alisema hivyo akitabasamu, akampa mkono. Kwenye kibaraza kulikuwa na viti sita vya wageni, vimepangwa ukutani, na vumbi juu ya vitano.

"Wiki ya tatu sasa," mzee alisema alipoona anavitazama. "Walikuwa wanakuja kunywa chai jioni. Mtoto wangu amenunua gari la kifahari, nikasema sawa, Mungu amembariki. Sikujua na mimi nitanunuliwa sifa mpya." Akakaa. "Hospitali siendi. Nikapite pale dukani, lile gari lipige kelele, watu wazibe macho ya watoto? Heri nibaki humu na giza langu."

Koku alirudi Uyole akiwa na hasira asiyojua aielekeze wapi. Alifungua ubongo wa Tausi na kutoa daftari la ulezi, yaani kumbukumbu ya kila kitu gari lilichofundishwa. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa wa kona, madimbwi na ng'ombe. Ndipo akakuta haya: *Siku ya kwanza, saa nne asubuhi. Igembe. Mtu mmoja, mwanamume, hatua arobaini. Mlezi amesimama ghafla. Moyo wa mlezi unakwenda mbio. Mlezi amegeuza. Nauliza jina la mtu. Mlezi hajajibu.*

Siku ya pili, maneno yaleyale mara mbili. Siku ya tatu mara mbili, ya nne mara mbili. Jumla mara saba, mtu yuleyule, na mara zote saba mlezi hakujibu. Mwisho ubongo ulikuwa umeandika hitimisho lake: *Barabara haijafungwa. Kwa hiyo ni hatari. Uhakika: masomo sabini.*

Koku alitazama namba hiyo kwa muda. Saba mara kumi. Ile kumi ilikuwa yake.

Ijumaa asubuhi alimfuata mlezi. Alikuwa Tusekile, mke wa Gwamaka, mwalimu wa hisabati wa sekondari, aliyeliendesha gari siku zile nne kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na mumewe alikuwa safarini, na njia yake ya kila siku ilipita Igembe. Koku alimsomea daftari wakiwa wamesimama jikoni kwake. Tusekile alisikiliza mpaka mwisho, akavuta stuli na kukaa.

"Mwalimu, nisamehe nikiuliza. Yule mzee alikufanyia nini?"

"Hajanifanyia lolote. Ni mkwe wangu."

"Ndiyo. Na?"

Tusekile alimtazama na kukumbuka kwamba anaongea na mtu wa Muleba. "Sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani," alieleza. "Akipita njia, mimi napinda. Akikaa sebuleni, mimi niko jikoni. Siyo chuki, fundi. Ndivyo ninavyomheshimu. Wenzangu wengi wameacha, wanasema ni mambo ya zamani. Mimi nilifundishwa na bibi yangu na sijaacha. Miaka kumi na moja nimeolewa, sijawahi kumtazama usoni."

"Na jina? Gari lilikuuliza mara saba."

"Jina lake ndiyo kabisa. Silitamki. Hata mkutano wa shule akiwepo mtu mwenye jina hilo, namwita mwenyekiti. Nilidhani nikikaa kimya litaacha kuuliza."

"Liliacha. Likajijibu."

Koku akamweleza yote, na hakujificha. Alisema kwamba gari halikujua heshima ni nini, lilijua hatari tu, na mapigo ya moyo wa mtu anayeheshimu na ya mtu anayeogopa yalikuwa yameonekana sawa. Alisema vilevile kwamba kitabu kilitaka siku arobaini na walezi wawili. Gwamaka angerudi safari, angelipeleka gari mpaka kwenye miguu ya baba yake, angemkumbatia, angetaja jina, na zile mara saba zingefutika zenyewe. "Mimi ndiye niliyelinyima nafasi hiyo. Kichapuzi ni changu. Leo nimekitoa na kukivunja, na hao kumi na sita wengine nimeanza kuwapigia simu."

Gwamaka aliingia katikati ya maneno hayo. Alipoelewa, alishusha pumzi kubwa. "Basi ni rahisi. Lifute ubongo, fundi. Lianze upya."

"Naweza. Saa moja tu linakuwa halijui kitu."

"Halafu?" Tusekile aliuliza. "Kesho gari lisimame kwa mzee, kimya. Mama Sekela atasema nini? Atasema fundi amelipofusha lisiendelee kuona. Itakuwa mbaya zaidi." Alikuwa ameanza kuongea kama yuko ubaoni. "Kosa lilionekana hadharani, sahihisho nalo lionekane hadharani. Fundi, likifundishwa upya na mtu mwingine litakubali?"

"Kwa somo lenye uzito huo, linamwamini mlezi wake tu."

"Basi nitakwenda mimi."

"Mama Lusajo," Gwamaka alimwambia mkewe taratibu, "hiyo unajua maana yake."

"Najua. Ndiyo maana nataka kwenda kabla sijaogopa."

Koku alishinda karakanani siku nzima. Kwenye ubongo wa Tausi, pembeni ya zile sababu mbili za kugeuza njia, alichonga nafasi ya tatu na kuiacha wazi. Jina la nafasi hiyo hakuthubutu kuliandika yeye.

Jumamosi asubuhi Gwamaka alitangulia kumweleza baba yake. Mzee Ambilikile alifikiri, kisha akamwambia mwanawe, "Mwambie asihangaike. Mimi nitageuka." Wakatoa kiti nje ya lango, na mzee akakaa akitazama migomba yake, mgongo barabarani. Watu wa dukani walikuwa wamejaa. Kitongoji kizima kilikuwa kimesikia kwamba fundi wa mjini anakuja kulitengeneza gari au kumtengeneza mzee, na wengi hawakutaka kukosa mojawapo.

Tusekile alishika usukani. Koku alikaa kando yake, mikono mapajani, hana la kufanya. Zilipobaki hatua arobaini gari likatangaza, na dukani wote wakasikia: "Hatari mbele. Tunageuza."

Tusekile alikaza usukani. Gari halikuweza kugeuka na halikutaka kwenda mbele, likasimama.

"Nauliza jina la mtu," lilisema.

Midomo ya Tusekile ilitikisika bila sauti. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na Koku alimwonea huruma mpaka akatamani kumjibia, ingawa alijua haitasaidia. Mwisho Tusekile alinong'ona.

"Sijasikia," gari likasema.

Hapo akashusha kioo, pengine ili apate hewa, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Anaitwa Ambilikile. Ni baba wa mume wangu. Mara zile saba nilikuwa nampisha mkwe wangu. Hakuna hatari. Ni heshima."

"Sababu ya tatu: heshima," gari lilirudia kwa sauti ileile ya kutangazia. "Ambilikile. Nimeandika."

Kwenye kiti, mgongo wa mzee ulinyooka. Hakugeuka. Dukani mwanamke mmoja alishika mdomo, na si kwa kuficha kicheko. Wanawake wa pale walijua jina lile lilivyokuwa zito kwa aliyelitamka.

Mtu angependa kusema gari lilielewa papo hapo. Halikuelewa. Kichapuzi kilikuwa kimeng'olewa, na somo moja sasa lilihesabiwa kama moja, dhidi ya sabini. Tusekile alirudi nyuma na kuja tena, mara ya pili hatua thelathini na nane, mara ya tatu thelathini na saba, kila mara akilitaja jina. Kufikia saa tano watu wa dukani walikuwa wameagiza chai. Kufikia saa saba walikuwa wakihesabu kwa sauti, na jina lililokuwa haliwezi kumtoka sasa lilimtoka kama la mwanafunzi wake darasani. Ilipofika mara ya sabini na moja, Tausi lilitambaa mpaka ubavuni mwa kile kiti, likapiga magoti, na kufungua mlango wa nyuma.

"Karibu, Mzee Ambilikile."

Mzee aliinuka. Aliingia kinyumenyume, akiongozwa na mkono wa mwanawe, ili asije akamwona mkamwana wake. Mama Sekela alivuka barabara, akainama dirishani na kusema, "Safari njema, Mzee. Tutakuombea macho. Ukirudi tutakuja kunywa chai."

"Ndaga," mzee alimjibu. Asante.

Gwamaka alikaa nyuma na baba yake, na gari likashika njia ya kwenda Mbeya. Kisha mzee akasema, "Fundi, mwambie mkamwana wangu kwamba leo amenifanyia jambo ambalo hata mwanangu wa kumzaa hakuliweza."

Tusekile alikuwa hatua moja mbele yake na alisikia kila neno, lakini Koku alimgeukia na kumfikishia ujumbe. Tusekile alisema, "Mwambie nimeshukuru," na Koku akaupeleka huo nao nyuma.

"Mwambie tena, sina kinyongo. Na gari nalo silidai." Mzee alifuta machozi ya macho yake mabovu kwa leso. "Gari lililelewa siku nne tu, lingenijuaje? Wale wa pale dukani nimeishi nao miaka sabini na miwili."

Koku alifungua kinywa ili ayapeleke na hayo mbele, akakosa namna. Tusekile hakungoja kuambiwa. Alipunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili, akaendesha hivyo mpaka Uyole.